Doti ya Mama Mkwe

Wale wanaodhani kila mwanamke anafungua biashara kwa sababu jiko limezimika, wamuulize Zamda. Kwake jiko lilikuwa linawaka. Mumewe, Zahoro, anakaanga samaki Feri, na nyumba yao ya Magomeni haijawahi kulala njaa. Ila kila alipotaka hina au sabuni ya kuogea ilibidi aombe, na akiomba aeleze. Zamda alichoka kueleza. Ndiyo maana akaenda kupanga meza ya kanga Kariakoo, na tangu hapo hina anapaka mpaka viwiko.

Biashara anaijua, hilo hata wabaya wake wanakubali. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho alikificha: hakujua kusoma. Shule aliiacha darasa la pili ili alee wadogo zake. Sasa kanga bila maneno ni shuka tu, na mteja lazima aambiwe inasema nini. Zamda alikuwa na ujanja wake. Akienda kununua jumla anajifanya kasahau miwani, muuzaji anamsomea, naye anayakariri maneno kwa kufuata maua: mananasi ni ya kumpongeza mzazi, korosho nyekundu ni za kumshukuru mama. Miaka tisa hakukosea.

Mwaka juzi kiwanda kikatoa korosho nyekundu zilezile kwa maneno mengine. Zamda akazibeba bila kuuliza. Aulize nini na kanga anaijua? Akamuuzia Hyasinta, mama mmoja mwenyeji wa Masasi aliyekuwa anaozesha binti, doti ya kumpa mama mkwe wa bintiye. Hyasinta naye, kwa pilikapilika za shughuli, hakuikunjua. Mama mkwe akaikunjua mbele ya wageni, akakuta kanga inamwambia aache kuingilia nyumba za watu. Jamani! Siku ya kwanza kabisa!

Kesho yake Hyasinta akatokea Kariakoo. Hakupiga kelele, bora hata angepiga. Aliitandaza mezani ile kanga aliyorudishiwa na mama mkwe, akasema, "Nisomee."

Zamda akayatazama yale maandishi. Angeweza kukisingizia kiwanda, na watu wangemwamini. Lakini binti wa watu alikuwa ameanza ndoa kwa kuonekana jeuri, na kosa halikuwa lake. Aibu ilimpanda Zamda mpaka masikioni.

"Sijui kusoma, dada yangu," akasema. "Sijawahi kujua."

Hyasinta akakaa kwenye benchi. Alikuwa amekuja kugomba, hamu ya kugomba ikamwishia palepale. Mwishowe akamwambia twende, hayo maneno ukayaseme mwenyewe kwa mama mkwe, mimi peke yangu hataniamini. Zamda akafunga meza mchana kweupe, akachukua doti nyingine ambayo jirani yake alimsomea mara tatu, wakaenda. Mama mkwe, Mama Celina, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Doti mpya akapokea. Ile ya matusi nayo akaing'ang'ania, akasema anaye wifi yake ambaye itamfaa.

Jumatatu iliyofuata Zamda alijiandikisha darasa la watu wazima, jioni baada ya kufunga meza. Zahoro akamtania kwamba sasa atasomewa mpaka simu yake. Zamda akamjibu kwamba ataanza na hiyohiyo.

Juzi Mama Celina alikuja Kariakoo mwenyewe. Mkwewe kajifungua, anataka doti ya kumpelekea. Akashika korosho za bluu, akasema zinapendeza, afungiwe tu. Zamda akakataa kufunga. Akaitandaza kanga, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akasoma polepole, neno kwa neno, kwa sauti iliyofika meza ya tatu. Yalikuwa maneno ya kheri.

Mama Celina kusoma anajua vizuri sana. Hata hivyo alijisogeza karibu, akaweka mkoba wake chini, akasema, "Nisomee tena."