Utepe Hubanduliwa Rangi Ikiwa Mbichi

Mwanangu, jana nimekuona unavyobandua utepe kwenye turubai lako la kuchorea kwa rangi ya akriliki, pu, kama unafukuza inzi, nikakumbuka siku moja kijijini Mkumbara, enzi za vijiji vya ujamaa, nilipokuwa na kiburi kuliko akili.

Tulikuwa tumejenga zahanati kwa mikono yetu wenyewe. Kazi ya kupaka rangi nikapewa mimi, mwanamke, tena binti wa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge! Wapo waliosema wazi nitaharibu. Mimi sikutaka kuchora jembe wala mwenge. Nilitaka pembetatu na mistari mitupu, bluu kwa nyekundu, kingo zikiwa zimenyooka. Utepe wa dukani tuutoe wapi? Nilichana mifuko ya saruji, nikabandika vipande kwa uji wa muhogo. Mzee Mhina, aliyekuwa akipaka rangi matrekta ya shamba la mkonge, akanielekeza: kwanza pitisha rangi ileile ya chini iliyoko ukutani kwenye ukingo wa karatasi ili uzibe, rangi isipenye, ndipo upake rangi ya pili. Kisha bandua karatasi rangi ingali mbichi.

La kwanza nililifanya. La pili nikalipuuza, maana nilitaka kesho yake watu wakusanyike nibandue mbele yao, wanipigie vigelegele. Wakaja. Nikabandua, na rangi iliyokauka ikatoka na karatasi, vipande vipande. Nilitamani ardhi inimeze, nikamwendea Mzee Mhina.

"Shikamoo, mzee. Nimeharibu."

"Marahaba. Mbona hukubandua jana?"

"Nilingoja watu."

"Rangi haijui habari za watu, binti. Chukua msasa."

Nikasugua ukuta, nikaanza upya. Safari hii nilibandua taratibu, karatasi nikiikunjia nyuma, hakuna anayetazama ila Mzee Mhina. Mstari ukatoka safi! Mwenyekiti wa kijiji alipouliza hiyo ni picha ya nini, mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa akaniwahi kujibu: "Ni yetu, mwenyekiti. Basi." Nimezaa, nimejenga, lakini sijapata kujivuna kama siku ile, wala sioni haya kukuambia.

Kwa hiyo nisikilize. Ukingo uzibe kwa rangi ya chini, utepe ubandue mapema na polepole, na kazi imalize inapotaka kumalizwa, hata kama hakuna wa kukushangilia. Mungu akupe mkono mtulivu, mwanangu, na jina lako livume kuliko langu.