Siku Niliyojiita Fundi wa Trela

Nianze kwa kukiri kabla hamjaanza kuguna: nina aibu moja ambayo nimeibeba tangu miaka ya tisini, na kama mmewahi kujiuliza kwa nini mtu asiyeweza hata kukaza nati ya baiskeli anaitwa Fundi mtaa mzima wa Pasiansi, basi leo nawaeleza mwenyewe, afadhali mimi kuliko mke wangu, ambaye huongeza chumvi (ingawa kusema kweli kisa chenyewe hakikuhitaji chumvi).

Ilikuwa wakati ule kila kitu kimekuwa ruksa, viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa kando ya ziwa na viwanda vya zamani vinafungwa. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, mpaka asubuhi moja tukaitwa uwanjani tukaambiwa tumepunguzwa. Miaka kumi na mmoja nimeitwa Bwana Stoo, halafu kufikia saa nne asubuhi siitwi chochote. Nikabaki na pikapu kuukuu, mke, mapacha wawili, na muda mwingi wa kukaa barazani nikijifanya nasoma gazeti (la wiki iliyopita).

Sasa, jirani yetu alikuwa mama mmoja mjane, Mama Leokadia, ambaye zamani alimpangisha mtaalamu wa samaki kutoka Ulaya. Mtaalamu mkataba wake ulipokwisha akapanda ndege akarudi kwao, akamwachia mama vitu vyote vilivyokataa kuingia kwenye begi, likiwemo trela dogo la kubebea boti, na kuku wa Mama Leokadia wakaligeuza kitanda chao kwa miaka mingi tu. Siku mama alipohamia Buswelu nilimbebea vyombo kwa pikapu, safari tatu, naye akaniambia nichukue trela liwe asante yake, mradi niwaondoe kuku kwa upole. Nikaliosha, nikalipaka rangi nzito ya buluu iliyobaki kwenye madirisha, mara mbili, mpaka huwezi kujua chini yake kuna nini, nikaanza kazi ya kuwabebea watu mitumbwi mipya kutoka kwa mafundi mpaka majini. Mambo ya karatasi sikuyawaza hata kidogo. Kuku walilala juu yake miaka yote ile na hakuna aliyewadai karatasi.

Nikaenda hivyo miezi kadhaa, mpaka trafiki mmoja akanisimamisha, akanisalimia vizuri, akaniuliza trela langu lina namba gani. Nikashuka nikaenda kuangalia nyuma, kana kwamba naweza kukuta namba imeota yenyewe njiani. Akanionya kwamba asilione tena barabarani halijasajiliwa, isipokuwa siku ninayolipeleka kukaguliwa.

Ningeweza kuliacha trela lipumzike, lakini kulikuwa na jambo la baba mkwe. Mzee Magesa ni Mjita wa upande wa Mara, fundi wa mitumbwi tangu ujana wake, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na mwaka ule alikuwa amepewa kazi ya kuunda mtumbwi wa zahanati ya kanisa, wa kuwavusha wagonjwa na wajawazito kutoka kisiwani. Aliuundia Buswelu, uwanjani kwa mwanawe mkubwa, mbali kabisa na maji, kwa sababu ufukweni mbao zilikuwa zinaota miguu. Watu walimcheka kwamba anaunda mtumbwi wa kuvuka mashamba ya mihogo. Yeye akawajibu kwamba mkwe wake ana trela. Nawaambia, katika miaka yote tangu nimuoe binti yake hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia mzee yule amenitaja kwa majivuno. Mtumbwi ulitakiwa kukabidhiwa ufukweni Jumapili baada ya ibada.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nikalifunga trela nyuma ya pikapu, nikaenda kwenye ofisi ya usajili, na mzee akasema tufuatane akaone mambo ya serikali yanavyokwenda. Tulipofika uwanja wa ukaguzi ulikuwa umejaa magari na watu. Mzee akabaki kwenye pikapu, mimi nikaingia ndani kupanga foleni.

Dirishani alikuwepo dada mmoja mpole, amevaa miwani. Nikamweleza nina trela nataka kulisajili. Akaniuliza limetoka nje au limetengenezwa hapa nchini, kwa sababu, akasema, la kutoka nje linadai karatasi za forodha na za aliyeliuza, na la hapa linadai maelezo ya fundi aliyelitengeneza na ukaguzi tu. Jamani, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Upande mmoja milima ya karatasi ambazo sina hata moja, upande wa pili njia nyeupe. Nikasema limetengenezwa hapa. Akauliza nani kalitengeneza. Na mimi, badala ya kufikiri, nikasema, "Nimelitengeneza mwenyewe."

Akanipa fomu. Penye mtengenezaji nikaandika jina langu, na penye kazi nikaandika fundi, na niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu: neno lile lilinipendeza nilipoliona karatasini. Muda mrefu nilikuwa sijaandika chochote kwenye nafasi ile.

Mkaguzi alikuwa afande mmoja mnene, mcheshi, na bahati mbaya yangu ilikuwa kwamba anapenda sana ubunifu wa wananchi. Alisoma fomu, akalizunguka trela mara mbili, akapapasa vyuma vyake, akaniuliza nilivipindaje vizuri hivyo. Nikasema kwa moto. Akatikisa kichwa kwa heshima. Akaniuliza na hivi vigurudumu vya mpira ambavyo boti linatelezea juu yake, nilivitoa wapi, nikasema nilivichonga kutoka kwenye tairi la trekta. (Maswali yalikuja upesi, na kila jibu lilikuja lenyewe, utadhani limekaa mdomoni likingoja zamu.) Basi akaanza kuwaita watu. Wakaja wenzake wawili, wakaja madereva waliokuwa kwenye foleni, na akaja mwalimu wa chuo fulani cha ufundi aliyeleta basi lao dogo kukaguliwa, na wanafunzi wake kama kumi na tano. Mwalimu akaniomba niwaeleze vijana. Nikawaeleza. Nikasimama pale na mkono juu ya trela nikawafundisha umuhimu wa kupima kabla ya kukata, na wale watoto wa watu wakatoa madaftari wakaandika.

Nilikuwa nimefika kwenye ekseli nilipomwona baba mkwe amesimama nyuma ya wanafunzi. Sijui alifika saa ngapi. Afande akamwona mtu mzima, akamwamkia shikamoo, na alipojua ni mkwe wangu akampongeza kwa kupata kijana mwenye kipaji. Mzee akaitikia marahaba, akanitazama muda mrefu, akasema neno moja tu.

"Kumbe."

Pale ndipo ningesema ukweli. Nafasi ilikuwepo, wazi kabisa, na mimi nikaipungia mkono ikapita.

Afande akamalizia ukaguzi wake, akaona chuma kinachoshika taa ya nyuma kina ufa. Kitu kidogo, akasema, kisimcheleweshe fundi kama mimi. Jirani na uwanja kulikuwa na karakana ya kuchomelea, akaomba mashine ikavutwa mpaka pale, na akanikabidhi mbele ya umati ule. "Chomelea hapo hapo," akasema, "vijana waone, na mimi nikuandikie cheti."

Mimi nilikuwa nimewaona watu wakichomelea. Nimewaona mara nyingi, kwa mbali, nikipita. Nikashika mkono wa mashine kama nilivyoona wanaushika, nikaambiwa nishushe kinga ya macho, nikajibu kwamba mimi nimezoea bila kinga (hata sijui kwa nini nilisema hivyo), nikagusisha kile kijiti kwenye chuma. Kikanata. Nikavuta, kikanata zaidi, mashine ikaanza kuguna kama ng'ombe aliyekwama kwenye matope. Nikaweka mguu kwenye trela nikavuta kwa nguvu zangu zote, kikaachia ghafla, nikakaa chini. Watu wakatazama pembeni kwa adabu. Nikasimama, nikajaribu tena, safari hii moto ukawaka kweli kweli, mweupe, na mimi nikaukodolea macho, na nilipoacha, chuma cha taa kilikuwa na tundu linalopitisha kidole, taa yenyewe imeanguka chini, na ile rangi yangu ya madirisha inachemka, inavimba, inabanduka vipande vipande.

Chini ya rangi kulikuwa na kibao cha bati kimepigiliwa ribiti nne. Mwanafunzi mmoja wa kike, mwenye bidii kupita kiasi, akainama akakifuta kwa kitambaa, akaanza kusoma kwa sauti: jina la kiwanda, lenye vidoti juu ya herufi, mji wa huko Ulaya, na namba ndefu.

Afande akasoma naye. Akanigeukia polepole.

"Fundi," akasema, "kiwanda hiki ni cha nani?"

Na mimi, na macho yangu yanatiririka machozi, nikamjibu kwamba labda ni jina la rangi.

Hapo kicheko kilichokuwa kimezuiliwa kikafunguliwa. Walicheka madereva, walicheka polisi, fundi wa karakana alishika ukuta. Afande ndiye hakucheka, na hilo likanitisha, maana akaanza kuuliza kwa sauti nyingine kabisa trela hili nimelitoa wapi, na kama lina mwenyewe anayelitafuta. Majibu yote yaliyokuwa yanakuja yenyewe yalikuwa yamekwenda zake. Nikajiona niko rumande, na mtumbwi wa wagonjwa uko Buswelu kwenye mihogo.

Baba mkwe akasogea mbele, kofia mkononi.

"Afande, huyu ni mkwe wangu, na hajui hata kupigilia msumari," akasema. "Trela alipewa na mama mmoja mjane, yuko Buswelu, twende ukamuulize. Si mwizi. Na uongo huu ni wa leo tu, unaona mwenyewe hajauzoea."

Sijawahi kudharauliwa vizuri namna ile. Afande akamtazama mzee, akanitazama mimi, akaona, nadhani, kwamba mtu anayedanganya vibaya vile hawezi kuwa jambazi. Akasema sawa, lakini kwanza niwaambie wanafunzi ukweli, kwa sababu wameandika. Basi nikawaambia. Nikasema mimi ni karani wa stoo niliyepunguzwa kazi, trela limetengenezwa Ulaya, vigurudumu sikuvichonga, na mambo ya kupima kabla ya kukata niliyasikia kwa fundi cherehani. Nikasikia madaftari yanafunguliwa tena na kalamu zinapiga mistari, kwa muda mrefu, maana nilikuwa nimesema mengi.

Yule dada wa dirishani naye alikuwa ametoka nje kuona kelele ni za nini. Akachukua fomu yangu akaichana mara mbili, bila hasira.

"Ungeniambia tu kwamba huna karatasi," akasema. "Ningekuandikia barua uende na huyo mama mahakamani akale kiapo. Matrela waliyoyaacha wageni yako mengi, tunayasajili kila mwezi."

Trela likabaki pale uwanjani kungoja kiapo, sisi tukarudi na pikapu tupu. Nyumbani mke wangu alinikanda macho kwa kitambaa cha maji baridi, akasikiliza kisa chote, akatoka nje mara mbili kwenda kucheka, akarudi.

Jumapili mtumbwi haukwenda popote. Mzee ndiye aliyepaswa kusimama kanisani kuwaeleza waumini, lakini nilimwomba aniachie mimi. Nilisimama mbele macho yamevimba, mekundu kama nyanya, na kina mama wa mbele wakaanza kunihurumia wakidhani nalia kwa majuto. Huruma ile ilikuwa tamu, ningeweza kuiacha iendelee. Nikawaambia hapana, ni moto wa kuchomelea, na nikawasimulia yote. Mchungaji alilazimika kuketi. Lakini wakakubali kungoja wiki moja, na mzee aliponipisha nikae benchini alinisogezea mto aliokuwa ameukalia.

Jumatatu Mama Leokadia alikuja mahakamani na kitenge kipya, akala kiapo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akamweleza karani mpaka habari za kuku. Kisha karani akanigeukia mimi, akauliza jina, umri, mahali ninapoishi, halafu kazi. Baba mkwe alikuwa kando yangu. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sasa sina ajira, naendesha pikapu. Karani akaandika, akapiga muhuri, akaita mtu mwingine. Ilichukua muda mfupi kiasi kwamba niliona uchungu, nikifikiria miezi yote niliyokaa na lile gazeti barazani.

Namba ikatoka, na Jumapili iliyofuata mtumbwi ukashuka majini, mzee akiwa amekaa mbele ya pikapu pamoja nami, dirisha wazi, akiwapungia watu wa Buswelu waliomcheka.

Nami nikajiwekea nadhiri: nikifika dirisha lolote la ofisi, kitu nisichonacho nakitaja kabla sijaulizwa. Nimeishika mpaka leo, pengine kupita kiasi. Majuzi nilikwenda posta, nikamwambia binti wa dirishani kwamba sina kitambulisho, sina barua ya mwenyekiti wa mtaa, na risiti ya mara ya mwisho nimeipoteza. Akanitazama, akaniuliza kwa upole nilikuwa nataka stempu ngapi.