Mikono ya Twaha Isiyotulia

Twaha wa Temeke hakuwahi kukiacha kitu kama alivyokikuta. Redio ya mama mkwe wake ilikuwa inasikika vizuri kabisa, akaifungua ili isikike zaidi, na tangu siku hiyo ikawa inakoroma. Pasi ya jirani aliiongezea moto, ikatoboa kanzu yake ya sikukuu ya Idi. Fundi alikuwa fundi, hilo halina ubishi, na miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kumiminika madukani, watu walimletea kila kitu kilichowashinda. Tatizo lake ni moja tu: kitu kikitulia, yeye ndipo anapoanza kuhangaika.

Basi Azzam, kaka wa mkewe Wahiba, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, akatuma kompyuta. Hakumtumia Twaha. Alimtumia dada yake, kwa sababu Wahiba alijua kuchapa, alikuwa na jicho la maua na rangi, na siku zote alitamani kutengeneza kadi za harusi nyumbani kwake, badala ya kwenda kuinama kwenye mashine za watu mjini. Ilipofika aliipokea kama mgeni wa heshima. Akaiweka sebuleni, akaifumia kitambaa cheupe chenye ncha za zambarau, kama kile cha televisheni na kile cha friji, akalifunika nacho boksi lake la chuma juu hadi nyuma vumbi lisiingie. Kisha akaenda kwa jirani yao Mwanaasha, ambaye binti yake alikuwa anaolewa Chanika, akamwomba kadi zote amwachie yeye. Mwanaasha akakubali, na mtaa mzima ukajua.

Twaha naye alikuwa amesikia maneno Kariakoo. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta ile, ilitoka kiwandani na mwendo wa megahezi 166, lakini mafundi walimwambia kwamba ukiijulia unaweza kuikimbiza mpaka 200. Ndani ya boksi, kwenye bodi, kuna vikofia vidogo vya plastiki vinavyovikwa kwenye vijiti vya chuma, vinaitwa jampa. Ukikihamisha hiki, mwendo unapanda. Ukikihamisha kile, volti zinapanda. Nani angemwambia Twaha habari kama hiyo halafu akalala usingizi? Wahiba alipokwenda sokoni, yeye akachukua bisibisi. Kompyuta ikawaka kwa 200, naye akacheka peke yake sebuleni. Akalifunga boksi, akakitandika kitambaa vilevile kama mkewe alivyokitandika, ncha kwa ncha, asije akashtuka.

Siku hiyohiyo Wahiba alikuwa anapanga waridi kando ya jina la bwana harusi, skrini ikaganda.

"Baba Shaima! Njoo uone, nimeharibu nini?"

"Hujaharibu kitu. Zima, washa tena."

Akawasha, akaanza upya. Ikaganda tena, na waridi zote zikapotea.

Kuanzia hapo Twaha hakukaa. Mkewe akitoka tu, yeye kashaingia. Kwanza alihisi ni memori, kwamba inashindwa kwenda na kasi ya prosesa, akailegeza kidogo ipate muda wa kujibu. Akakikunja kitambaa vizuri kwenye kiti, akaliacha boksi wazi, akaipa kompyuta kazi nzito tangu adhuhuri mpaka alasiri. Haikutikisika. Akafunga, akatandika kitambaa. Wahiba akakaa, haikuchukua muda ikaganda. Akashuku umeme wa mtaa, akanunua stebilaiza. Ikaganda. Akapandisha volti, kutoka 2.8 hadi 2.9, maana prosesa inayokimbia inataka nguvu. Mchana kwake ikatulia tuli. Jioni kwa mkewe ikaganda haraka kuliko mwanzo. Akapandisha tena. Chakula kikawa hakimpiti, na hata msikitini alikuwa anafikiria jampa, Mungu amsamehe.

Neno moja lingetosha kumaliza mambo, lakini hakulisema. Na Wahiba, asiyejua chochote, akaanza kujishuku mwenyewe. Akawa ananawa mikono kabla ya kukaa, anasoma Bismillahi, anagusa kibao cha herufi kwa vidole viwili kana kwamba kitamuuma. Twaha aliyaona yote hayo. Akawa anaangalia pembeni.

Alasiri moja alirudi akamkuta amekaa mbele ya skrini iliyoganda, hachapi.

"Nimemwambia Mwanaasha apeleke kadi zake mjini," Wahiba alisema. "Na mashine nitamrudishia Azzam. Mie mikono yangu ina kisirani."

Akanyoosha mkono, akakiweka sawa kitambaa mgongoni mwa boksi, akajifuta macho kwa kanga. Twaha akakigusa kitambaa pale nyuma, kwenye matundu ya feni. Kilikuwa cha moto, karibu kimchome. Papo hapo akaelewa. Hewa ilikuwa haipiti, na kila volti aliyoongeza ilikuwa moto juu ya moto. Yeye akijaribu, kitambaa kiko kwenye kiti. Akimwachia mkewe, anakirudisha kwa mikono yake mwenyewe.

Angeweza kukiondoa tu, aseme vumbi halidhuru, na mwendo wake wa 200 ubaki. Moyo ulitamani kweli. Lakini mkewe alikuwa analia mbele yake, akaona haya.

"Si mikono yako, Mama Shaima," alisema. "Ni yangu." Akamweleza yote.

Wahiba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mie nanawaga mikono mpaka inachubuka, na wewe unanitazama?"

Wahiba akasogeza kiti nyuma, akampisha.

"Chomoa umeme. Fungua."

Akafungua. Wahiba akataka kuonyeshwa kila kikofia na mahali kilipotoka, akavirudisha mwenyewe kwa kucha zake zenye hina. Boksi lilipofungwa akaichukua bisibisi mkononi mwa mumewe, akaifunga kwenye pindo la kanga, pale anapofunga chenji ya soko, akakaza fundo. Akavuta kitambaa, akakikunja, akamwekea Twaha mapajani. Kisha akachungulia dirishani, akamwita Mwanaasha arudi na kadi zake.

Kompyuta ikawaka na mwendo wake wa 166. Waridi zilijichora polepole, jani baada ya jani, na Wahiba akachapa kwa vidole vyote. Haikuganda. Twaha alikaa nyuma yake na kitambaa mapajani, akitazama mwendo ule wa polepole, goti likimcheza. Alivumilia, akavumilia, kisha vidole vyake vikaanza kutafuta uzi uliolegea.

"Usifumue," Wahiba alisema bila kugeuka.