Bendera Mbili, Bendera Moja

Mume wangu ni fundi saa mjini Arua, mmoja wa wachache waliobaki, kwa maana siku hizi mtu akitaka kujua saa anatazama simu. Ana kile kioo kidogo cha kukuzia anachokibana kwenye jicho la kulia, na nadhani ndicho kilichotuletea Warumi nyumbani.

Mzungu mmoja mzee, aliyekuwa akifundisha huku kwa mkataba, alimletea saa ya mfukoni ya marehemu baba yake. Mume wangu aliihangaikia wiki mbili hadi ikatembea. Yule mzee alifurahi mno, na kabla hajarudi kwao akapita tena dukani na kopo la bati. Ndani mlikuwa na sarafu ndogo ishirini na mbili, nyeusi, zimegandwa na udongo. Alieleza kwamba ni pesa za Roma ya kale, shaba tu, na huko kwao huuzwa kwa fungu kama dagaa kwa kuwa hakuna ajuaye kilichomo chini ya uchafu.

"Wewe una jicho," akamwambia. "Zisafishe, uzitambue ni za lini."

Kumwambia mume wangu kwamba ana jicho ni sawa na kumwambia jogoo kwamba ana sauti.

Alisoma mahali kwamba maji ya bomba yangeziharibu, zilowekwe kwenye yale maji safi ya kuongezea betri ya gari. Akaenda kununua, lakini hakuuliza vizuri, akarudi na asidi. Sarafu ya kwanza ilitoa povu kwenye bakuli langu la sukari, na ilipotulia kikabaki kiganda chembamba kisicho na sura.

"Huyo alikuwa kaizari gani?" nikamuuliza.

"Hatutajua kamwe," akajibu, kwa uso wa mtu anayetoka mazikoni.

Baada ya hapo akahamia kwenye mafuta ya simsim, yaani mafuta yangu ya simsim. Kila jioni alitoa sarafu moja, akaikwangua kwa mwiba wa mndimu, polepole, huku akishusha pumzi kama anayemnyoa mtoto mchanga. Siku uso wa kwanza ulipojitokeza alinipigia simu nikiwa kwenye kibanda changu cha vitenge, na wateja wamesimama.

"Mama watoto, ameonekana! Ana pua!"

"Sisi sote tuna pua, baba watoto," nikasema, nikarudi kwenye vitenge.

Lakini nilipofika nyumbani nilishika kioo nikatazama, na sitadanganya, sikukirudisha upesi. Mtu amevaa taji la shanga, jicho limetazama juu, herufi zimemzunguka. Upande wa pili askari wawili na mikuki yao, wamesimama kama walioambiwa wasicheke.

Askari hao ndio waliotuletea maneno. Sarafu tisa zilikuwa nao. Katika tano, kati ya askari palikuwa na bendera mbili. Katika nne, bendera moja. Zenye bendera moja zilikuwa ndogo kidogo. Zipi zilitangulia? Nilimwambia atafute kwenye simu. Akakataa.

"Fundi hatafuti majibu. Anafungua saa, anaangalia."

Akaangalia, akafikiri, akaamua. Ufalme hukua kama mtoto, alisema. Kwanza jeshi dogo, bendera moja, pesa ndogo. Kisha jeshi likaongezeka, bendera zikawa mbili, pesa ikanenepa. Akakata vikaratasi, akaandika "za mwanzo" na "za baadaye" kwa mwandiko wake kama wa daktari. Wateja waliokuja kubadilisha mkanda wa saa walipewa somo zima bila kuomba.

Tukaenda Koboko kwenye harusi ya binti wa dada yake, na bila shaka sarafu zikaja nasi, ndani ya kikopo cha dawa. Mama mkwe wangu alikuwa sebuleni akisuka tabaga, lile sinia la rangi rangi la kufunikia chakula. Macho yake yana ukungu sasa, anasuka kwa vidole. Amezaliwa na askari, mjukuu wa askari, Kiswahili chake ni kile cha kambini, na mwanawe mwenye mvi bado anamwita "ya wele", yaani kijana.

"Ya wele, iko nini ndani ya kikopo? Napiga kelele."

Akamweleza habari yote: askari, bendera, ufalme unaokua. Mama akanyoosha kiganja. Akapokea sarafu moja moja, akazipima, akaziweka mafungu mawili juu ya tabaga.

"Hii iko mzito. Hii iko mwepesi."

Nikainama nikatazama. Fungu zito lote lilikuwa la bendera mbili.

"Hii mzito ndio ya zamani," akasema.

"Hapana, Mama. Jeshi lilikua."

"Jeshi nakua, ndiyo. Mtoto pia nakua. Lakini pesa? Pesa napungua! Serikali nakata kidogo, nakata kidogo. Sasa iko ndogo, bendera ya pili itakaa wapi?"

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Mume wangu hakucheka. Kwenye harusi alikaa kama askari wake, mgongo wima, na dada zake wakaniuliza kama tumegombana.

Asubuhi yake alizichanganya akamrudishia mama yake azipime tena. Mama akakosea moja: aliweka ya bendera mbili kwenye fungu jepesi. Mume wangu aliruka kwa furaha, akabana kioo jichoni, kisha furaha ikamwisha taratibu. Ukingo wa sarafu ile ulikuwa umelika upande mmoja, kwa hiyo kweli ilikuwa nyepesi.

"Basi," akasema kwa sauti ndogo. "Umeshinda, Mama."

"Mimi napima tu," akajibu, akaendelea kusuka.

Tuliporudi Arua alikubali hatimaye kutafuta kwenye simu, na wataalamu walisema alivyosema mama yake: bendera mbili kwanza, na sarafu zilipopunguzwa ikabaki moja. Akaandika vikaratasi upya. Kwa wateja sasa anasema, "Katika familia yetu tuligundua." Ninamwachia hiyo "tuligundua".

Wiki iliyopita alimpigia mama yake kuhusu kundi jingine la sarafu, lenye askari anayemchoma mkuki adui aliyeanguka na farasi wake. Akamsimulia kila mstari, dakika kumi nzima.

"Ya wele," nilimsikia mama akisema, "simu haina uzito. Leta."

Mume wangu alipanda gari la Koboko asubuhi iliyofuata. Duka nilimfungulia mimi, na kutwa nzima niliwaambia watu kwamba fundi amekwenda kupimiwa.