Bakuli la Bibi Dirishani

Juzi, rafiki yangu, nilipanda treni Mpanda kwenda Kaliua, nikakaa dirishani makusudi. Tulipokaribia stesheni yetu ya zamani, treni haikupunguza hata mwendo. Nikaona bati lenye kutu, nyasi zimemeza benchi, mbuzi wamelala barazani. Basi, mawazo yakanibeba.

Nilikuwa mdogo, naishi kwa bibi. Mkuu wa stesheni alikuwa na kipande cha chuma cha reli kinaning'inia mtini. Akikigonga tu, kijiji kizima kinanukia. Kina mama wanapakua wali kwa kuku, sisi watoto tunabeba viazi na karanga za kuchemsha, huyoo, mbio. Treni haikukaa sana, kwa hiyo abiria aliondoka na chakula pamoja na bakuli lake. Akishamaliza anampa bakuli gadi, yule msimamizi wa treni, na gadi analirudisha treni ikigeuka. Hakuna aliyeona ajabu. "Aliyekula kwako hakuibii," bibi alikuwa anasema.

"Bibi, huyu kuku mbona mgumu, ana miaka mingapi?" abiria walimtania.

"Rika lako, mjukuu wangu. Tafuna taratibu!"

Siku moja watu walijaa, mabakuli yakaisha, na honi imeshalia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa bado ananyoosha mkono dirishani. Bibi akakimbilia nyumbani, akarudi na bakuli la maua ya bluu alilopewa na marehemu mama yake siku anaolewa. Akampa. Kabla halijarudi, tukatangaziwa kwamba treni haitasimama tena pale. Mkuu wa stesheni akafungasha, akahama.

Jirani yetu muuza maziwa hakuacha uchokozi: "Mama, bakuli lako limeolewa Kaliua. Sahau!" Bibi alicheka, ila jioni nilimwona akifuta vumbi kabatini, pale lilipokuwa linakaa. Kila treni ilipopita alisimama kando ya reli na kitenge chake kizuri, kanishika mkono. Upepo unatupiga, treni hiyo, imeenda.

Mpaka siku moja, behewa la mwisho, mkono wa gadi ukatokea na furushi la gunia. Akaliachia kwenye nyasi.

"Mama weee! Chombo chako hicho!"

Maua ya bluu yale yale, ukingo umebanduka kidogo. Na ndani, kwa sababu chombo cha watu hakirudi kitupu, dagaa wakavu wa Kigoma wamefungwa kwenye kipande cha kanga. Bibi akakaa chini pale pale relini, analia na kucheka. Jirani naye usiku alikuja kula, wala hakuona aibu.

Bibi ametangulia sasa. Juzi ndani ya treni kijana wa mbele yangu alimaliza chipsi zake, akatupa kikasha nje bila kukitazama. Sikumlaumu; angemrudishia nani?

Mimi nilikuwa na viazi mapajani, kwenye bakuli la maua ya bluu. Tulipoipita stesheni nililinyanyua juu dirishani, lionekane. Mbuzi mmoja akainua kichwa, akalitazama, akaendelea kutafuna taratibu.