Mwalimu wa Kwenye Kitabu cha Naserian

Naserian, niliyemfundisha hapa Kajiado, alitoa kitabu cha hadithi. Mimi mwalimu mkuu, kwa kupenda sifa, nikajitwika kazi ya kuwasomea wazazi shuleni, Naserian mwenyewe na walimu wenzangu wakiwapo. Nikachagua hadithi ya mwalimu mchafu anayelamba kidole kila akitaka kufungua ukurasa, mpaka wanafunzi wanaogopa kushika vitabu vyake.

“Huyu ni Kilonzo wetu wa Jiografia,” nikasema kwa dharau. “Mtu mzima na hajui usafi.”

Nilicheka peke yangu. Kilonzo alinitazama tu, kama mtu anayenionea huruma.

“Endelea, Mwalimu,” Naserian akasema kwa heshima. “Utamu uko ukurasa unaofuata.”

Nikalamba kidole ili nifungue. Kicheko kilianzia kwa Kilonzo.