Nyasi Walizong'oa Walionikopesha

Walisema sitaweza. Wakenya wenzangu wa Lewisville, Texas, walisema hawajawahi kuona mtu anayeacha kazi Amerika na kurudi Kenya kusomea diploma ya miti. Niliporudi Texas na diploma yangu nikanunua shamba kusini mwa Dallas, wakasema sitamaliza mwaka. Leo nina ekari arobaini. Wao bado wanalipa kodi ya nyumba.

Shamba lilikuwa limechoka. Jirani yangu, mzee wa Kizungu aliyezaliwa palepale, alinieleza kwamba babu yake alilima pamba mpaka udongo ule mweusi ukaisha nguvu, kisha baba yake akajaza ng'ombe. Mvua iliponyesha, maji yalikata makorongo na kuondoka na udongo. Nilichimba fanya juu kama za Ukambani: unachimba mtaro kukingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu uwe tuta. Mzee alikuja kutazama, akauliza kaburi lile ni la maiti gani mrefu namna ile.

Juu ya matuta nilipanda mipekani, miti ya njugu ya huko, na katikati nikamwaga mbegu za nyasi za asili, zile zilizokuwapo kabla ya pamba. Gharama yote ilitoka kwenye chama chetu cha kuweka na kukopeshana cha Lewisville, watu kumi na wawili, wengi wao wauguzi. Tulikubaliana kwamba nisipolipa ndani ya miaka mitatu, shamba liuzwe.

Mwaka wa pili, Jumamosi moja, chama kikaja kukagua. Nilikwenda mjini kununua nyama na mkaa. Kurudi, nikawakuta wameshika majembe yangu, wanaimba, wamepalilia mistari minane hadi udongo mtupu. Kwetu shamba lenye nyasi ni shamba la mlevi. Nyasi zangu zilikuwa rundo kando ya ua, zimeshanyauka.

"Tumekufichia aibu, Bwana Diploma," alisema mweka hazina wetu, muuguzi wa makamo.

Nikawaeleza walichong'oa: nyasi za kushika udongo na kulisha mbuzi, mbegu zake zilinunuliwa kwa mkopo wao. Kosa lilikuwa langu pia, maana sikuwa nimewaambia kitu. Nilidhani kazi nzuri hujieleza.

"Kwa hiyo tumepalilia pesa zetu wenyewe?"

"Ndiyo, dada. Lakini nyama mtakula."

Wiki iliyofuata mvua kubwa ilinyesha. Udongo ulitembea, lakini uliishia kwenye matuta, hakuna uliovuka. Niliyapiga picha matuta, nikawatumia, nikaomba mwaka mmoja wa ziada. Walibishana siku mbili kwenye simu. Mwishowe mweka hazina akaniambia nimepewa, na kwamba watakuja kupanda upya walichoharibu, mimi nisimame hapo niwaonyeshe.

Walikuja wote. Nyasi zikashika, nikazungushia mipekani waya na kuingiza mbuzi. Familia za Kizanzibari za Alief, kule Houston, zilinunua karibu wote kwa ajili ya Idi. Mbuzi niliwapeleka mwenyewe kwa trela, safari tatu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Lewisville nikamlipa kila mmoja mkononi, wote kumi na wawili. Mweka hazina alihesabu zake mara mbili, akazitia mkobani, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama jirani yangu anauza ardhi.

Nikamwambia anauza.